Kariakoo na China: Ni Nani Aagizaye?

Limezuka katika mitaa ya Kariakoo neno ambalo sisi watungaji wa mashairi, pamoja na wenzetu wanaofundisha lugha mashuleni, hatuna budi kulitazama kwa makini. Mnunuzi atakapo kuitweza bidhaa husema, "Hiki cha Kichina." Haulizi kimetengenezwa katika kiwanda gani, wala haulizi kimeagizwa na nani. Kwake yeye jina la taifa la watu zaidi ya bilioni moja limegeuka kuwa kivumishi chenye maana ya ubovu. Muuzaji naye hujibu pasipo haya kwamba hicho ni cha bei ndogo, lakini ndani anacho "orijino". Na mara nyingi vyote viwili vimetoka China, tena huenda vimeshuka bandarini katika kontena moja.

Sisi twasema kwamba neno hili ni la uwongo, na kwamba uwongo huu una faida kwa watu fulani. Humfunika yule aliyeagiza. Madhali kila mmoja wetu analaumu mkono uliotengeneza, hakuna aulizaye habari za mkono uliolipa, uliochagua, na ulioandika katika karatasi ya agizo ni bidhaa ya namna gani itakayoletwa kwa Watanzania. Mkono huo ni wetu. Jambo hili ndilo tunalotaka kulizungumza hapa, hata kama litawaudhi baadhi ya jamaa na majirani zetu wa Mtaa wa Kongo na Mtaa wa Aggrey.

Uhusiano wa pwani yetu na China haukuanza na kontena. Huko Kunduchi, kaskazini ya jiji la Dar es Salaam, yapo magofu ya msikiti na makaburi ya nguzo ya Waswahili wa kale. Na katika nguzo hizo wazee walipachika bakuli za kauri za Kichina kuwa mapambo. Mwaka 1415, katika zama za safari za amiri Zheng He, twiga kutoka Malindi alifikishwa katika ikulu ya mfalme wa China, akastaajabiwa mno. Wenyeji wa pwani walitoa pembe za ndovu, wakapokea vyombo na nguo. Pembe hizo hizo zimetuletea fedheha hata katika miaka ya karibuni: mwaka 2019 mahakama ya Kisutu ilimhukumu mfanyabiashara wa Kichina kifungo cha miaka 15 kwa biashara ya pembe, pamoja na Watanzania wawili walioshirikiana naye. Msomaji asiwasahau hao wawili. Lakini kwa sasa yatosha kusema kwamba wazee wa Kunduchi hawakuziona bakuli za Kichina kuwa takataka, wakaziweka mahali walipowazika watu wao waheshimiwa.

Tuje katika zama zetu. Mkataba wa Urafiki baina ya Tanzania na China ulitiwa sahihi Beijing mwezi Februari 1965, wakati wa ziara ya Mwalimu Nyerere. Mwaka 1968 kiwanda cha nguo cha Urafiki kilifunguliwa hapa Dar es Salaam, kwa msaada wa China. Kisha ikaja Reli ya Uhuru, TAZARA, iliyojengwa kati ya mwaka 1970 na 1975, urefu wake kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi nchini Zambia, ikakabidhiwa rasmi Julai 1976. Kila mwanafunzi amesoma habari hizi. Amesoma pia kwamba mkopo wa reli haukuwa na riba; na akifika Majohe, karibu na Gongo la Mboto, ataona makaburi ya Wachina zaidi ya 60 waliofia katika nchi hii.

Hata hivyo, lipo jambo moja ambalo masomo yetu hulipita upesi, nalo ndilo lenye fundisho kubwa kwa mtu wa biashara. Gharama za ujenzi zilizotakiwa kulipwa humu nchini, kama vile mishahara ya vibarua na vifaa vya hapa hapa, China haikuzilipa kwa fedha taslimu. Ilileta bidhaa. Bidhaa zile ziliuzwa na shirika la umma la biashara, STC, na baadaye na makampuni ya biashara ya mikoa. Na shilingi zilizopatikana ndizo zilizolipia gharama za reli. Kwa hiyo mama aliyenunua beseni la enameli lenye maua, au chupa ya chai, au baba aliyejinunulia baiskeli, alitia mkono wake katika tuta la reli bila ya kufika Mlimba wala Makambako. Watu walinung'unika, ni kweli. Walisema maduka yamejazwa vitu ambavyo hawakuvichagua, na vile walivyovitaka havipo. Manung'uniko hayo yalikuwa ya haki. Lakini ziko nyumba nyingi ambamo beseni lile lilitumika kwa harusi na kwa misiba miaka na miaka, likachubuka enameli pembeni, na maji likaendelea kuteka.

Basi twauliza: je, Mchina yule aliyetengeneza beseni la mwaka 1972 alijua kazi, na mjukuu wake akaisahau? Nchi ambayo leo hutengeneza treni za mwendo kasi na vyombo vya kwenda mwezini imeshindwa kushona kandambili? Hilo halikubaliki akilini. Kilichobadilika ni yule asimamaye upande wa pili wa meza.

Baada ya dhiki ya bidhaa ya mwanzoni mwa miaka ya 1980, na baada ya kampeni ya mwaka 1983 dhidi ya walanguzi, serikali iliwaruhusu watu mwaka 1984 kuagiza bidhaa kwa fedha zao wenyewe walizokuwa nazo nje. Ndipo Kariakoo ilipoanza kuwa Kariakoo tunayoijua sasa. Mtaa uliopata jina lake kwa wapagazi wa jeshi la Waingereza katika Vita Kuu ya Kwanza, uliokuwa wa nyumba za Kiswahili zenye baraza na ua, na uliopata soko lake kubwa la zege mwaka 1975 kwa ramani ya msanifu wetu Beda Amuli, ukaanza kuota maghorofa. Wafanyabiashara walikwenda kwanza Dubai. Kisha wakatambua kwamba Dubai ni duka tu na ghala liko mbele zaidi, wakapanda ndege hadi Guangzhou, na wengine hadi Yiwu. Leo wanunuzi wa Zambia, Malawi, Komoro na Kongo huja Kariakoo kufunga mizigo. Sisi tunawavulia kofia watu walioijenga njia hiyo. Wengi wao hawakusoma kupita darasa la saba, wakavuka bahari kwa mtaji wa kuazima.

Lakini na tuitazame meza ile ya Guangzhou bila ya kujidanganya. Mnunuzi wetu amesimama mbele ya sampuli ya kiatu. Baina yake na mwenye kiwanda kuna wakala, au hakuna hata wakala, ila kikokotoo: huyu anabonyeza tarakimu, yule anatikisa kichwa, naye anabonyeza yake. Mwenye kiwanda hamwambii, "Nina kiatu kizuri, kinunue." Humwuliza anataka cha bei gani. Ukitaka soli ya kudumu, ipo na bei yake. Ukitaka bei ishuke, gundi hupunguzwa, uzi hupunguzwa, ngozi huwa karatasi iliyopakwa rangi. Ukitaka chapa ya kampuni mashuhuri ambayo si yako, wapo watakaoibandika. Kiatu kile kile huenda Ulaya na soli yake kamili kwa sababu mnunuzi wa Ulaya ameandika masharti, na nchi yake ina watu wa kuyapima. Chetu huja kama tulivyokiagiza.

Na si viatu tu. Uko waya wa umeme ambao shaba yake ni nyembamba kuliko unene ulioandikwa juu ya ganda. Mashine haikukosea kuandika. Aliyeagiza alitaka waya mwembamba wenye maandishi ya waya mnene, akalipia vyote viwili, akaja kuuza Kariakoo kwa fundi anayekwenda kuutandaza katika dari la nyumba ya watoto. Tangu mwaka 2012 Shirika la Viwango Tanzania limekuwa likitaka bidhaa nyingi zikaguliwe huko huko zinakotoka kabla ya kupakiwa melini. Na bado tunaona yanayopita. Mzigo hauna miguu. Ukipita bila ya kukaguliwa, yupo aliyeupitisha, na anayo namba ya mlipa kodi.

Watatujibu kwamba mwananchi wetu ni maskini, naye anataka rahisi. Jibu hili tumelisikia mara nyingi, na kila mara hutolewa na mtu ambaye yeye mwenyewe havai kiatu anachokiuza. Mkulima wa Mvomero anunuaye viatu mara tatu kwa mwaka amelipa bei ya viatu vya miaka mitatu. Hakuna anayetaka bei ndogo kama maskini. Lakini hakuna aliyesema kwamba maskini ametaka adanganywe juu ya kile kilichomo ndani. Mwenye duka na amwandikie: hiki ni cha miezi minne, na hiki ni cha miaka mitatu. Achague mwenyewe. Hapo tutakuwa tumemheshimu.

Sasa tuje kwenye kelele nyingine, ile ya kuwafukuza Wachina Kariakoo. Mwezi Januari 2011 Naibu Waziri wa Viwanda na Biashara, Lazaro Nyalandu, aliwapa siku 30 wageni waliokuwa wakifanya biashara ndogo ndogo humo waondoke. Siku zikapita, maduka yakabaki. Mwaka 2025, baada ya malalamiko mengi na uchunguzi wa kamati, serikali ilitoa amri iliyotaja aina 15 za biashara ambazo asiye raia haruhusiwi kuzifanya, ikiwa ni pamoja na uuzaji wa jumla na wa rejareja usio wa maduka makubwa ya kisasa, ufundi wa simu, saluni, na kununua mazao shambani. Sisi hatuipingi amri hiyo. Nchi yoyote inayo haki ya kusema kazi gani ni za watu wake. Na mtu aliyeingia kwa kibali cha kujenga kiwanda, kisha akaonekana amefungua meza ya kuuza pini za nywele, amevunja ahadi.

Hata hivyo twaomba tusomewe amri nzima, siyo nusu. Amri hiyo hiyo imemtaja Mtanzania anayemsaidia mgeni kuikiuka: faini ya shilingi milioni tano au kifungo cha miezi mitatu. Kwa nini sehemu hii haisomwi kwa sauti katika mabaraza ya kahawa? Kwa sababu tunajua nani ameazimisha jina lake likaandikwa katika leseni. Tunajua nani amemhamisha mpangaji Mtanzania wa miaka kumi na tano kwa kuwa mgeni amelipa kodi ya miaka miwili kwa mkupuo. Mgeni hakuvunja mlango wa Kariakoo. Alifunguliwa, na aliyemfungulia alipokea chake, kisha akatoka barazani kulalamika pamoja nasi.

Wahenga wetu walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Katika jambo hili mambo yalikwenda kinyume: ilipofika siku ya tatu mgeni ndiye aliyetupa jembe, maana kiwanda cha zana za kilimo cha Ubungo, UFI, kilichokuwa kikitengeneza majembe na plau, kilijengwa kwa msaada wa Wachina. Jembe lile tumelifanyia nini? Hilo ndilo swali ambalo amri ya maduka haiwezi kulijibu. Kama kesho asubuhi kila duka la Mtaa wa Msimbazi litakuwa na mwenyewe Mtanzania, na kila kitu rafuni kimetoka Guangdong na Zhejiang, tutakuwa tumebadilisha mtu wa kukaa kwenye kiti cha mbele ya duka, basi.

Wenzetu walijiandaa kwa uhusiano huu mapema mno. Radio Peking ilianza kutangaza kwa Kiswahili mwaka 1961, mwaka ule ule Tanganyika ilipopata Uhuru. Tangu mwanzoni mwa miaka hiyo ya 1960 vyuo vya Beijing vimekuwa vikifundisha Kiswahili, na wakalimani waliohitimu huko ndio waliokuja kuandamana na wajenzi wa reli. Vijana wa Kichina walikaa madarasani wakajifunza ngeli zetu, wakatofautisha "kitu changu" na "mtu wangu", wakati ambapo biashara ya nchi hizi mbili ilikuwa ndogo sana. Hivi leo mwuza simu wa Kichina aliyeingia mjini jana atapatana nawe bei kwa Kiswahili kibovu, lakini kinachotosha.

Na sisi? Taasisi za Confucius katika Chuo Kikuu cha Dodoma na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam zilianzishwa mwaka 2013. Zinafanya kazi njema. Lakini msomaji aangalie kwamba hata hizo zimeletwa na wao. Yaani wamejifunza lugha yetu ili watuuzie, kisha wamekuja kutufundisha lugha yao kwa kuwa sisi hatukuitafuta. Nusu karne na zaidi ya mikataba, na mfanyabiashara wetu anatia sahihi karatasi ya agizo ambayo hawezi kuisoma hata mstari mmoja. Mtu wa namna hiyo atapewa alichokiomba au atapewa kingine, naye hatajua mpaka kontena lifunguliwe Dar es Salaam. Sisi tulio katika kazi ya lugha tumezoea kusema kwamba Kiswahili ni silaha. Ni silaha kweli; ila katika soko hili aliyeishika ni mwenzetu, nasi hatukushika yake.

Watu wa utamaduni tukizungumza mambo ya biashara huambiwa turudi kwenye ngoma zetu. Basi na tuzungumze khanga, maana hiyo bila shaka ni yetu. Khanga ilianza kwa kupigwa chapa ng'ambo, kwa agizo la wafanyabiashara wa pwani. Baada ya Uhuru, Urafiki na viwanda vingine vikaipiga hapa hapa, kwa pamba ya Usukuma, na maneno yake yakachaguliwa na watu wanaoyasema. Leo nyingi zimerudi kuagizwa nje. Twaona madukani khanga ambayo jina lake lina herufi iliyoruka, na mtu ameifunga kwenda nayo arusini. Twaona shuka za Kimasai zilizofumwa China zikiuzwa kwa watalii, na kwa Wamasai wenyewe. Wakati huo huo sehemu kubwa ya pamba yetu hutoka Simiyu, Shinyanga na Mwanza kwenda nje ikiwa haijasokotwa, ili irudi ikiwa fulana yenye picha ya mgombea wetu. Aliyeagiza fulana hiyo hakuwa Mchina.

Kwa upande wa kuuza kwetu, mlango haukufungwa. Mwaka 2022, katika ziara ya Rais Samia Suluhu Hassan nchini China, ilitiwa sahihi itifaki ya kuwezesha parachichi zetu kuingia katika soko hilo. Tangu tarehe 1 Desemba 2024 China imeondoa ushuru kwa bidhaa zote za nchi zenye maendeleo duni kabisa zilizo na uhusiano wa kibalozi nayo, na Tanzania imo. Ufuta wetu unakwenda huko kwa wingi. Lakini unakwenda katika magunia, ukakamuliwe mafuta huko. Ushuru ukiwa sifuri juu ya gunia la ufuta na sifuri juu ya chupa ya mafuta ya ufuta, ni nani aliyetukataza kupeleka chupa? Biashara ya nchi hizi mbili sasa huhesabiwa kwa mabilioni ya dola kila mwaka, na sehemu kubwa mno kati ya hizo ni vitu vitokavyo kwao kuja kwetu. Kiasi hicho hakipunguzwi kwa kupiga kelele Mtaa wa Kongo.

Kwa walimu wenzetu wa sekondari tunalo ombi dogo, nalo laweza kuanza muhula ujao pasipo kungoja waraka. Wachukueni vijana wa Kidato cha Tatu hadi Kariakoo, na shule za mikoani ziende katika soko lao. Kila kijana achague kitu kimoja tu: kandambili, waya, khanga, ndoo. Amsalimu mwenye duka kwa adabu, kisha aandike: kimetengenezwa mji gani, kiliagizwa na nani, kwa bei gani kiwandani, nauli ya meli kiasi gani, ushuru kiasi gani, faida kiasi gani, na je, palikuwa na cha ubora mwingine, na kwa nini hakikuletwa? Baadhi ya maswali hayatajibiwa, na hayo nayo yaandikwe kwamba hayakujibiwa. Kisha karatasi zote ziletwe darasani zisomwe kwa sauti, mwalimu wa hesabu, wa historia na wa Kiswahili wakiwa wamekaa pamoja.